Ijumaa Hayupo

Swali lililoninyima usingizi wiki ile halikuwa kama Yaya ana haki ya kurudi kwao. Hilo lilikuwa wazi. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, na kafili wake, mwajiri na mdhamini wake kisheria, yaani ami yangu, alitakiwa ampe pasipoti na tikiti, waagane kwa wema. Swali lilikuwa nani wa kumwambia ami. Na mimi nina ugonjwa wa kugeuza swali moja mpaka likazaa mengine. Nikimwambia, si nitakuwa nimemvunjia heshima mkubwa wa ukoo? Nisipomwambia, si nitakuwa nimesoma miaka yote ile bure? Na ile kazi ambayo ami aliahidi kunisemea kwa rafiki zake, ni halali kuifikiria katika jambo hili? Nikijilazimisha nisiifikirie, si ndiyo nimeshaifikiria?

Agizo lenyewe la ami lilikuwa jepesi. Bibi, mama yake, alikuwa amekufa. Nyumba yetu ya Ibra haikuwa tena na mgonjwa wa kuangaliwa, basi Yaya ahamie kwake, mji wa Nizwa, akasaidie watoto. Mimi nina shahada ya usimamizi wa wafanyakazi, sina mfanyakazi wa kumsimamia, na nina gari. Kwa hiyo nimpeleke mimi.

"Mlete Ijumaa," alisema kwenye simu. "Siku hiyo hana shughuli."

Katika siku zote za wiki akachagua Ijumaa. Ili ieleweke kwa nini jambo hilo lilinikosesha raha, inabidi nimweleze Yaya.

Kila Ijumaa, akishaosha vyombo vya chai ya asubuhi, Yaya aliingia chumbani kwake nyuma ya jiko na kutoka amevaa gauni la maua, rangi ya mdomo, viatu vya kutokea vyenye kisigino kifupi, na mkoba mweusi begani. Alivuka ua mpaka kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa chini ya mlimau, akakaa, akauweka mkoba mapajani. Hapo akawa ameondoka. Ukimwita alijibu bila kugeuza kichwa:

"Hayupo."

"Kaenda wapi?" tulikuwa tukimuuliza tulipokuwa watoto, tukibanana nyuma ya nguzo kwa kicheko.

"Katoka."

"Atarudi lini?"

"Magharibi."

Na kweli magharibi ikiadhiniwa alisimama, akaingia chumbani, akatoka na kandambili zake na nguo za kazi, akauliza nani kamwaga unga. Alikuwa amerudi.

Mambo hayo yalianza mwaka aliofika, mimi nikiwa darasa la nne. Aliomba siku yake ya mapumziko, kama ilivyoandikwa katika mkataba. Ami, ambaye ndiye aliyekuwa kafili kwa kuwa Bibi hakuwa na mshahara wa kumwezesha kuajiri mtu, alikubali mapumziko na kukataa kutoka. Ibra hakuna kanisa, alisema, hana ndugu hapa, atakwenda wapi? Na mwanamke akishazoea kutoka, iko siku hatarudi, na atakayeulizwa ni kafili. Yaya alisikiliza mpaka mwisho. Ijumaa iliyofuata akavaa viatu.

"Bwana kasema nisivuke geti," alimweleza Bibi, alipoulizwa anafanya nini pale. "Sikuvuka. Lakini nimetoka."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akaligeuza jambo lile kuwa sheria ya nyumba. "Leo hayupo," alitutangazia. "Atakayemwita n'tamtia adabu." Yeye mwenyewe, akipita uani siku ya Ijumaa, aliangalia upande wa pili, kama mtu apitaye mbele ya kiti kitupu.

Jina lake analo, zuri na refu, na sote tunalijua. Mwenyewe ndiye hakutaka tulitumie. Kabla ya kuja kwetu aliwahi kufanya kazi nyumba nyingine, mji mwingine, na katika yote yaliyompata huko alipenda kusimulia moja tu. Wenye nyumba walikuwa wakimwita kwa jina la mfanyakazi aliyemtangulia. Hawakuona haja ya kujifunza jipya. Aliitikia jina la mwanamke asiyemjua tangu alipofika mpaka alipoondoka, na akiumwa aliona kama anayeumwa ni yule mwingine.

"Jina langu la kwetu," alisema. "Hapa niiteni kazi yangu. Kazi haimwibii mtu jina." Neno yaya lilikuwepo hata katika lugha yao, kwa maana ile ile, kwa hiyo halikumpa taabu.

Mengine ya nyumba ile niliyaokota vipande vipande. Nilijua kuwa alilala jikoni, kwa sababu mpaka leo hawezi kulala kama friji inanguruma. Nilijua kuwa alikuwa akifungiwa chakula, kwa sababu siku ya kwanza kwetu alimwuliza Bibi, kwa ishara na Kiarabu cha kuokota, funguo za kabati la mkate anakaa nazo nani. Bibi hakulielewa swali. Akadhani anaulizwa habari za panya.

Kiswahili alijifunza kwa Bibi. Bibi alikuwa mtu wa Unguja mjini, wa zamani, aliyekuja nchi hii ya Waarabu ukoo wetu uliporudi, Kiarabu chake kikiishia kwenye salamu na sala, na hakuona sababu ya mtu kuishi naye nyumba moja akamsemesha kwa ishara. Matokeo yake Yaya, mtu wa kisiwa ambacho Bibi hakuweza kulitaja jina lake, alisema Kiunguja cha mabibi: sabalkheri asubuhi, masalkheri jioni, hebu nipishe, mwana kukosa haya we. Sisi wajukuu tulichanganya Kiarabu katikati ya kila sentensi, na wao wawili wakatusikiliza kwa huruma ya watu wanaotazama mtoto akila kwa mkono wa kushoto.

Soko la wanawake la Jumatano, hapa Ibra, alikoruhusiwa kwenda kwa kuwa ni kazi ya nyumba, lilikuwa uwanja wake. Nakumbuka muuza manukato mmoja, naye wa ukoo uliorudi kutoka Afrika, alivyoshangaa.

"Ala! Mchina huyu Kiunguja kajifunza wapi?"

"Mimi si Mchina," Yaya akamjibu. "Mimi ni mteja. Punguza."

Watu hudhani Bibi alimpenda kwa sababu ya lugha. Nadhani alimpenda kabla. Siku aliyoletwa na wakala, Yaya aliingia chumbani, akauchukua mkono wa Bibi bila kuambiwa, akauinamia na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Kwao ndivyo mkubwa anavyoamkiwa. Sisi hubusu mkono, lakini mkono ni ule ule. Bibi alimtazama ami aliyekuwa amesimama mlangoni na karatasi zake. "Huyu kalelewa," akasema. Baadaye akamfundisha kusema shikamoo sambamba na kile kitendo, na miaka yote Yaya alivifanya vyote viwili kwa pamoja, mkono kwenye paji na shikamoo mdomoni. Sijaona mtu mwingine duniani anayesalimia hivyo.

Hata hivyo hakutaka aitwe wa nyumba. Sikukuu moja, mbele ya wageni, ami alikuwa na furaha na akataka kumpandisha daraja.

"Yaya, wewe si mfanyakazi hapa. Wewe mtoto wetu, wallahi."

"Ahsante, Bwana. Na mtoto wenu analala saa ngapi?"

Bibi akajifunika mdomo. Ami akacheka, kwa kuwa ni mtu wa kucheka, na kwa kuwa hakujua la kufanya. Msemo wa Yaya katika mambo hayo ulikuwa mfupi: "Mimi niko kwenu, si wenu." Aliusema bila hasira yoyote, kama anavyotaja mtu namba ya kiatu chake.

Nilikuja kuuelewa kwa kumtazama msichana wa kazi wa nyumba ya pili, aliyetoka Tanga. Alikuwa Mwislamu, akisema lugha yetu, akifunga pamoja na mabwana zake na kusali nyuma ya bibi wa nyumba. Walimwita binti yetu kwa dhati kabisa. Na kwa sababu alikuwa binti, hakuwa na siku ya mapumziko. Binti anapumzika nini kwao? Yaya, mgeni wa dini na wa nchi, alikuwa na Ijumaa. Yule wa karibu hakuwa na hata Ijumaa ya kusali vizuri.

Msichana alitazama ule mlimau wetu kutoka ng'ambo ya ukuta kwa miezi mingi. Siku moja akajaribu. Akavaa viatu, akachukua kiti, akakaa uani kwao. Tukamsikia bibi wa nyumba akimwita, naye akijibu kwa sauti nyembamba, "Hayupo!"

"Hayupo nani? We, si nakuona hapo?"

Msichana akaangua kicheko. Yule bibi naye akacheka. Wakacheka pamoja vizuri tu, kisha msichana akaenda kupika.

Kesho yake Yaya alimngoja ukutani na uso mkavu.

"Umeharibu. Umecheka."

"Dada, nilishindwa. Alinitolea macho."

"Ukicheka, uko. Usicheke."

"Sasa wewe huchekeshwi?"

"Nachekeshwa sana. Nacheka Jumamosi."

Baadaye msichana alipata nusu ya Ijumaa, kuanzia alasiri. Sijui kama ilitokana na kiti au na watoto wa nyumba ile kuanza shule. Yaya alisema nusu si haba, lakini alilisema kwa uso wa mtu aliyeletewa samaki bila kichwa.

Kwa samaki, yeye na Bibi walielewana kuliko kwa jambo lolote. Gari la samaki la Ashkhara, kule pwani, lilipoleta papa mkavu, wote wawili walitoka getini wakinusa hewa, na sisi vijana tukafunga madirisha. Ila Yaya alitia siki katika kila mchuzi. "Huu mchuzi au achari?" Bibi alilalamika, akiongeza wali. Alipokuwa mgonjwa sana, akikataa kila kitu, alichokubali kuonja ni kile kile kilichotiwa siki.

Sitaki nimfanye malaika. Alikuwa na ukaidi wa kuchosha. Siku sita za wiki hakuruhusu mtu aguse kisu jikoni kwake. Mama yangu, mwalimu wa shule, mtu mzima, aliwahi kufokewa kwa kujioshea kikombe. Na yule yule aliyedai kila haki kwa jina lake, akikataa kuitwa mtoto kwa sababu si kweli, aliwadanganya watu wa kwao miaka yote.

Uongo wenyewe ulihusu ule mlimau. Kiti kilikuwa kimewekwa mahali maalumu, ambapo ukishika simu mbele ya uso wako, nyuma yanaonekana majani na kipande cha ukuta mweupe tu. Kamba ya nguo haionekani, wala mtungi wa gesi. Mwanawe, aliyemwacha anang'oka meno ya utotoni na kumwona mara mbili tu tangu hapo, alikuwa akimwona mama yake kila Ijumaa amevaa vizuri, amepaka rangi ya mdomo, ameketi kwenye kijani. Kwao walijua kuwa kila wiki Yaya huenda bustanini.

Nilimwuliza kwa nini hasemi ukweli.

"Nikisema ukweli, atataka kujua na mengine," alisema.

Na huo mkoba? Tulipokuwa watoto tuliusema sana. Binamu yangu aliapa una dhahabu. Siku moja uliachwa wazi na mimi nikachungulia: kioo, kitambaa cha mkono, basi. Mkoba wa mtu anayetoka kila wiki, na hauna kitu cha kumvusha hata njia panda. Pasipoti ilikuwa Nizwa kwa ami, katika kabati la chuma. "Haikushikwa," ami alikuwa akisema kila ilipotajwa, "imehifadhiwa." Sheria haimruhusu mwajiri kukaa na pasipoti ya mfanyakazi. Nilifundishwa hivyo chuoni, nikaandika hivyo kwenye mtihani, na nikapata alama nzuri. Nyumbani sikuwahi kulisema.

Kuna Ijumaa moja ambayo huwa naikumbuka nikitaka kuieleza nyumba ile kwa mtu asiyeijua. Wanaume wako msikitini, mama yuko kwa dada yake. Bibi, aliyekuwa ameanza kudhoofika, alitoka uani kutia udhu, akateleza karibu na bomba. Aliangukia mbele ya mlimau, karibu na Yaya kiasi cha kusikia pumzi zake. Hakumwita. Aliniita mimi, niliyekuwa ndani kabisa, mlango umefungwa na feni linavuma.

Nilipofika kizingitini Yaya alikuwa ameshasimama. Aliutundika mkoba kwenye tawi, akamwinamia na viatu vyake vya kutokea.

"Nimerudi mapema, Bibi."

"Umerudi salama?" Bibi akauliza, mgongo chini.

"Salama."

"Huko kuzuri?"

"Kuzuri, ila jua kali. Nishike shingoni. Haya, moja, mbili."

Alimbeba mpaka kitandani, akampapasa kila kiungo, akamkanda mguu, akamletea maji. Alipohakikisha hakuna kilichovunjika akaniambia nikae naye. Akautungua mkoba kwenye tawi, akakaa kwenye kiti chake. Akaondoka tena. Jumamosi Bibi alitangaza kuwa Yaya hayupo, kwa kuwa Ijumaa yake ilikatwa, na deni la siku ni deni. Yaya alivaa viatu siku mbili mfululizo.

Bibi alikufa nyumbani, mchana, mkono wake ukiwa katika mkono wa Yaya kwa sababu ndiye aliyekuwa akimgeuza. Walipokuja wanawake kumwosha maiti, Yaya alitolewa chumbani. Hakuwa Mwislamu, na kila mtu alilielewa hilo, hata yeye. Mwili ule alikuwa ameuosha yeye kila asubuhi kwa miaka. Siku ile alisimama jikoni akichemsha maji, akaleta ndoo mpaka mlangoni na kubisha kwa kidole kimoja, wakazipokea. Hilo ndilo nililoliona. Aliyoyafikiria sikuyauliza.

Ijumaa zilizofuata alikaa kwenye kiti kama kawaida. Siku moja mama, kwa mazoea na majonzi, alimwita. "Yaya!" Likaja jibu, "Hayupo." Mama akaketi kwenye ngazi akalia, kwa kuwa ile sauti ya Bibi ya kutukataza haikufuata.

Mkataba ulikwisha miezi michache baadaye. Aliniambia tukiwa jikoni, yeye akiparua samaki, mimi nikiwa nimesimama bure kama ilivyo kanuni ya jiko lile.

"Bibi kaondoka. Sasa zamu yangu. Mwanangu anajifungua. Yeye nimemlea kwa simu. Mjukuu sitaki iwe hivyo."

"Umemwambia ami?"

"Mara mbili."

"Akasemaje?"

"Inshallah."

"Inshallah ni neno zuri, Yaya."

"Zuri sana. Na pasipoti iko Nizwa."

Baada ya hapo ndipo ilipokuja ile simu ya agizo. Nilimtafuta baba, ambaye hufanya kazi Sur na kurudi Alhamisi. Alinisikiliza akivua soksi. "Ami yako ndiye kafili," akasema. "Usiingie." Mama alisema ami amemtibu Bibi kwa mfuko wake miaka yote, na ni kweli. Alimtibu, alilipa hospitali, alikuja kila alipoitwa. Kama angekuwa mtu mbaya, ningelala vizuri.

Alhamisi jioni nikamwambia Yaya.

"Ami anataka nikupeleke kwake kesho."

Alikuwa akisuuza sufuria. "Kesho Ijumaa."

"Najua."

"Ijumaa sipo," akasema, akaendelea kusuuza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa ombi, na kwa matusi, kila kimoja na jibu lake. Alikuwa ameniambia jambo ninalolijua tangu darasa la nne.

Asubuhi akatoka na viatu vyake, akaketi. Mimi niliketi ndani ya gari, geti liko wazi, nikifikiri. Ningeweza kumwita, naye angejibu kama anavyojibu. Ningeweza kumpigia ami kwamba gari limeharibika, kisha ningelazimika kuliharibu. Ningeweza kungoja Jumamosi. Ikifika Jumamosi atakuwepo, atavaa kandambili, na nikimwambia panda atapanda, kwa sababu siku sita za wiki akiagizwa hakatai. Hapo ndipo jambo lilipokuwa dogo ghafla. Nilikuwa nimeagizwa nimlete mtu ambaye hayupo. Aliyestahili kuambiwa hivyo ni aliyeniagiza. Nikawasha gari nikaenda Nizwa peke yangu.

Njia nzima niliandaa hoja. Nilianza na sheria, nikaenda kwenye dini, nikamalizia na kumbukumbu ya Bibi. Nikapanga ipi itangulie, nikapangua, nikapanga tena. Nilipofika walikuwa wamemaliza kula. Ami alinipokea barazani kwa furaha, akanimiminia kahawa mwenyewe.

"Ahlan ya binti. Yuko wapi?"

"Nani, ami?"

"Yaya, nani mwengine!"

"Leo Ijumaa," nikasema. "Hayupo."

Akacheka kwa sauti. "Mambo ya marehemu mama hayo. Mama kafa, na Ijumaa zake khalas."

"Hazikuwa za Bibi, ami. Za Yaya."

Kicheko kikapungua. Nikakiweka kikombe chini na kumwaga kidogo kwenye zulia, na kwa sababu nilikuwa nikilitazama lile doa, hoja zote zikanitoka.

"Mkataba wake umekwisha. Nimekuja kumchukulia pasipoti."

"Kakutuma?"

"Hayupo, ami. Atanituma vipi?"

"Sisi hatukumshika. Imehifadhiwa tu, we mwenyewe wajua."

"Najua. Hifadhi nayo imekwisha."

Akageuza tende kwenye sahani. Aliposema tena sauti ilikuwa ya upole, na huo upole ndio nilioogopa tangu Ibra. "Na ile kazi yako? Mimi nazungumza na watu kwa ajili yako."

"Kama inakwenda pamoja na hii, ami, usinisemee."

Sijui lingefika wapi. Mke wa ami, aliyekuwa akipanguza watoto mikono pale mlangoni, ndiye aliyeingia kati, kwa sababu zake.

"Mpe, bwana! Mimi n'lishasema nataka mtu mpya. Huyo keshazoea kukaa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo nina wageni."

Hoja hiyo haikuwa katika zangu. Ami alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akainuka. Tulisikia kabati la chuma likifunguliwa na kufungwa. Aliporudi alinipa pasipoti kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu sahani ya moto.

"Tikiti n'takata mimi," alisema. "Isije ikasemwa sikumkatia."

Habari za ile kazi sijazisikia tena, na sijaziuliza.

Nilifika Ibra alasiri. Alikuwa pale pale, kivuli cha mlimau kimemhama na jua limemshika miguu, naye hakukisogeza kiti. Nilisimama mbele yake na ile pasipoti. Hapo tena nikaanza: nimsemeshe nivunje sheria ya Bibi, au ningoje magharibi, nimwache mtu aketi na wasiwasi wake mpaka adhana kwa ajili ya adabu?

"Yaya."

"Hayupo."

"Naweza kumwachia maneno?"

Akafikiri. "Mwachie."

"Akirudi umwambie pasipoti yake imefika. Na tikiti ami anakata."

Hakugeuka. Hakucheka. Alinyoosha mkono kiganja juu, macho yakiwa ukutani, nami nikaiweka. Akafungua mkoba, akaitia kati ya kioo na kitambaa, akaufunga, akauweka mapajani na kuushika kwa mikono yote miwili.

"Nitamwambia," alisema baadaye. "Lakini sijui kama atarudi."

Niliingia jikoni, nikawasha jiko, nikafunga mlango nisije nikamwita kwa mazoea.